Umebadilisha mtumaji, saini imebaki ileile: kosa linakaa wapi

Dada mmoja ninayemtunzia kompyuta mjini Arusha ana kazi mbili. Mchana anaendesha ofisi ndogo ya kupokea watalii, jioni ni katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa. Anwani mbili za barua pepe, kompyuta moja, na zote anazitumia ndani ya Thunderbird, programu ya kusomea na kuandikia barua pepe. Siku moja akanipigia, sauti imemshuka: "Kaka, nimemwandikia mnunuzi wa kahawa. Juu nimeweka anwani ya kikundi, chini imetoka saini ya ofisi ya watalii na namba zake za simu. Sasa ananiuliza anaongea na nani hasa."

Kabla sijagusa chochote nilimuuliza swali moja. "Pole sana, dada. Ile anwani ya juu uliichagua kwenye orodha, au uliiandika kwa mkono?"

"Niliiandika."

Basi kosa lilikuwa limeshapatikana, na maelezo yake ndiyo yanayofungua karibu kila tatizo la aina hii. Saini haifuati anwani unayoiona kwenye mstari wa "From". Inafuata utambulisho. Utambulisho katika Thunderbird ni kifurushi kizima: jina la mtumaji, anwani, seva ya kutuma barua, folda ya kuhifadhi nakala, na saini. Ukihama kutoka utambulisho mmoja kwenda mwingine wakati dirisha la kuandikia liko wazi, programu hufanya mambo mawili. Kwanza hutafuta saini iliyoiweka yenyewe na kuiondoa. Pili huweka saini ya utambulisho mpya. Jambo la kwanza likishindikana, saini ya zamani inabaki. La pili likikosa cha kuweka, barua inaondoka bila saini. Kwa hiyo unapotafuta kosa jiulize: je, kweli nimehama utambulisho? Na je, programu bado inaitambua saini ya zamani kuwa ni kitu chake?

Saini haibadiliki hata kidogo

Ndilo lililompata yule dada. Ukibofya mshale ulio kwenye mstari wa "From", chini kabisa ya orodha kuna chaguo la "Customize From Address". Ukilichagua, mstari unageuka kuwa wa kuandikika, na unaweza kuweka anwani yoyote unayotaka. Chaguo hilo liliwekwa kwa ajili ya mabadiliko madogo ya mara moja, kama kuongeza alama ya kujumlisha na neno ndani ya anwani yako. Utambulisho wa nyuma haubadiliki. Umebadilisha maandishi ya juu ya bahasha tu. Saini, seva na folda ya nakala ni za yuleyule wa mwanzo. Ndiyo maana nakala ya barua yake kwa mnunuzi wa kahawa tuliikuta kwenye folda ya barua zilizotumwa ya ofisi ya watalii.

Dawa yake ni kuiundia anwani hiyo utambulisho wake. Fungua "Account Settings", bofya jina la akaunti, shuka hadi chini upande wa kulia ubonyeze "Manage Identities". Kwenye dirisha linalofunguka bonyeza "Add", jaza jina na anwani, kisha andika saini kwenye kisanduku cha "Signature text". Kama saini ina herufi nzito, rangi au kiungo, weka tiki kwenye "Use HTML", la sivyo alama za HTML (lugha ya kupamba maandishi) zitaonekana zenyewe kwa msomaji. Ukimaliza, anwani hiyo itatokea kwenye orodha ya "From" kama mtumaji kamili, na ukiichagua saini itabadilika palepale mbele ya macho yako.

Wakati uko kwenye dirisha hilo angalia pia sehemu ya seva ya kutuma barua. Watu wengi huisahau. Anwani ya kikundi ikipitishwa kwenye seva ya Gmail ya akaunti nyingine, na anwani hiyo haijasajiliwa huko kama mtumaji, Gmail huiondoa na kuweka anwani ya akaunti iliyoingia. Utakuwa na saini sahihi chini na mtumaji asiye sahihi juu, na aliyepokea atachanganyikiwa vilevile.

Barua mpya iko sawa, majibu hayana saini

Hapa utambulisho umehama vizuri, ila mipangilio yake hailingani na ya mwenzake. Kila utambulisho una ukurasa wake wa "Composition & Addressing", na ndani yake kuna tiki mbili: moja ya kuweka saini kwenye majibu, nyingine ya kuiweka kwenye barua unazosambaza. Mtu hutia tiki kwenye utambulisho mkuu akadhani ameshamaliza kazi. Akija kujibu kwa utambulisho wa pili, saini ya kwanza inaondolewa na hakuna inayoingia. Rudi kwenye "Manage Identities", fungua kila mmoja kwa "Edit", na uhakikishe tiki zinafanana.

Katika ukurasa huohuo kuna chaguo la mahali pa kuweka saini: chini ya jibu lako (yaani juu ya maneno yaliyonukuliwa), au chini kabisa baada ya nukuu. Utambulisho mmoja ukiwa na la kwanza na mwingine la pili, saini itaruka kutoka katikati ya barua kwenda mwisho wake kila unapobadilisha mtumaji. Kwenye jibu refu lenye nukuu ya kurasa tatu utaapa saini imepotea, kumbe iko chini kabisa. Kwa hiyo kabla ya kusema haipo, bonyeza Ctrl pamoja na End uone.

Umeandika saini mpya kwenye mipangilio, ya zamani inaendelea kutoka

Chanzo ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote ni tiki iliyosahaulika kwenye "Attach the signature from a file instead". Tiki hiyo ikiwepo, Thunderbird haisomi kabisa ulichoandika kwenye kisanduku cha maandishi, inasoma faili. Unaweza kuhariri kisanduku kutwa nzima na saini isibadilike. Na kama tambulisho mbili zimeelekezwa kwenye faili moja, jambo ambalo hutokea mtu anapofuata hatua zilezile mara mbili, zote zitatoa saini moja na utadhani kubadilisha mtumaji hakufanyi kazi. Ama ondoa tiki, ama kila utambulisho uupe faili lake, lenye jina linaloeleweka. Faili hilo usiliweke kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, maana huko ndiko watu hufanya usafi, na likifutwa saini inaondoka nalo.

Chanzo cha pili: umehariri pasipo penyewe. Ukurasa wa akaunti unaofunguka kwanza unaonyesha utambulisho mkuu peke yake. Saini unayoibadilisha hapo haigusi tambulisho nyingine za akaunti hiyo, hata kama zinatumia sanduku moja la barua. Za nyingine zinahaririwa ndani ya "Manage Identities" tu.

Halafu kuna violezo na rasimu. Barua iliyohifadhiwa kama kiolezo mwaka jana imehifadhiwa pamoja na saini ya mwaka jana. Unapoifungua, programu inaona barua ambayo tayari ina saini, na haiendi kusoma mipangilio upya. Njia fupi ni kuuhamisha mstari wa "From" kwenda utambulisho mwingine kisha kuurudisha. Mara nyingi hilo linatosha kuilazimisha iweke saini ya sasa. Njia ya kudumu ni kufungua kiolezo, kukirekebisha na kukihifadhi tena. Dirisha la kuandikia lililokuwa wazi kabla hujabadilisha mipangilio nalo litaendelea kuonyesha saini ya zamani. Lifunge uanze upya.

Zinatoka saini mbili, ya zamani na mpya

Hili ningependa tulitazame kwa karibu, kwa sababu ndilo linaloonyesha programu inavyofikiri.

Anzisha barua ya kujaribia kwa HTML, usiitume, ihifadhi kwa Ctrl+S. Nenda kwenye folda ya rasimu, ichague barua hiyo, ubonyeze Ctrl+U. Utaona barua ilivyo ndani, mistari mingi ya vichwa (taarifa za mtumaji, mpokeaji na njia iliyopita barua) kisha mwili wake. Karibu na mwisho, pale saini yako ilipo, utakuta imezungushiwa alama yenye jina "moz-signature". Hiyo ndiyo pete iliyofungwa mguuni mwa kuku: Thunderbird inamjua kuku wake kwa pete. Unapobadilisha utambulisho, inatafuta pete hiyo, inaondoa kila kilichomo ndani yake, inaweka kipya.

Sasa fikiria umefuta saini yote ukaiandika tena kwa mkono, au umeinakili kutoka barua ya zamani kupitia programu ya kuandikia nyaraka. Maneno ni yaleyale, macho hayaoni tofauti, lakini pete haipo. Kwa Thunderbird hayo ni maneno yako ya kawaida, sawa na "Habari za siku nyingi". Haitathubutu kuyafuta. Itaweka saini mpya na ya zamani itabaki pale ilipo. Hivyo ndivyo saini mbili zinavyopatikana, na binafsi naona programu imefanya haki: afadhali iache kitu cha ziada kuliko ifute sentensi uliyoiandika.

Jambo hilohilo hutokea rasimu inapoanzia kwingine. Umeanza barua kwenye kivinjari ndani ya Gmail, saini ikaingia, ukafika ofisini ukaiendeleza kwenye Thunderbird. Gmail huifunga saini yake kwa alama ya "gmail_signature", na Thunderbird haitafuti alama hiyo. Ukibadilisha mtumaji, saini ya Gmail inabaki na ya Thunderbird inaongezeka. Ukiwa na desturi ya kuanzia simu na kumalizia kwenye kompyuta, izoee hatua moja: futa saini iliyokuja na rasimu kwa mkono, kisha chagua mtumaji.

Kuna upande wa pili wa sheria hii, na huo unauma zaidi. Ukiweka kishale mwisho wa saini na kuendelea kuandika, labda "Nyongeza: fedha tumeshapokea", maneno yako yanaweza kuwa yameingia ndani ya ile alama. Ukibadilisha utambulisho, yanafutwa pamoja na saini bila kuulizwa. Nimeona mtu akipoteza aya nzima ya masharti ya malipo kwa namna hiyo. Kwa hiyo chagua mtumaji kwanza, andika baadaye, na nyongeza ziweke juu ya saini.

Vistari viwili na nafasi

Juu ya saini Thunderbird huweka mstari wenye vistari viwili na nafasi moja baada yake. Ni desturi ya zamani kutoka kwenye makundi ya majadiliano ya Usenet, na imeandikwa kwenye waraka wa viwango wa RFC 3676 wa mwaka 2004. Ile nafasi ya mwisho haionekani, lakini ndiyo inayozipa programu habari kwamba kuanzia hapo ni saini. Aliyepokea akiwa na Thunderbird ataona saini yako kwa rangi iliyofifia, na akibofya jibu saini hiyo haitanukuliwa.

Watu huvichukia vistari hivi na kuvifuta kwa kutafuta mpangilio uitwao "suppress_signature_separator" kwenye "Config Editor", ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Thunderbird. Kufanya hivyo ni halali na saini itaendelea kubadilika. Usichokifanya ni kuandika vistari vyako mwenyewe ndani ya saini huku vya programu vipo, au kutumia vistari hivyo katikati ya barua kutenganisha mada. Kila kitu kilicho chini yake kitachukuliwa kuwa saini, na mwenzako akijibu, nusu ya barua yako haitakuwemo kwenye nukuu.

Jibu linaanza na utambulisho usiotarajiwa

Kuna malalamiko ya saini ambayo kwa kweli si ya saini. Unajibu barua iliyoletwa kwa kikundi, dirisha linafunguka tayari na utambulisho wa ofisi ya watalii, na wewe hukutazama juu. Thunderbird huchagua utambulisho wa kujibia kwa kulinganisha anwani zilizomo kwenye barua iliyoingia na tambulisho ulizonazo. Barua ikiwa imepitia orodha ya kutumiana barua, au imeelekezwa kutoka sanduku jingine, anwani yako haimo kwenye mstari wa "To", na programu inarudi kwa utambulisho mkuu. Kwenye dirisha la kuhariri utambulisho kuna mstari unaoanza "Reply from this identity when delivery headers match". Weka tiki, andika anwani inayohusika mbele yake, na uchaguzi utakuwa sahihi tangu mwanzo.

Kama yote haya umeyapitia na bado, zima programu za nyongeza. Zipo zinazosimamia saini na violezo, na hizo huweka saini kwa njia zake. Nenda "Help", kisha "Troubleshoot Mode", ujaribu kubadilisha mtumaji. Ikifanya kazi hapo, mwenye kosa ni mojawapo ya nyongeza hizo.

Kwa wanaotumia Outlook na Gmail

Outlook ya Windows ile ya siku zote hufunga saini kwenye akaunti, si kwenye anwani. Ukiwa na akaunti mbili zilizosajiliwa kikamilifu na kila moja ina saini yake kwenye "File", "Options", "Mail", "Signatures", kubadilisha "From" kunabadilisha saini. Lakini sanduku la pamoja lililojitokeza lenyewe upande wa kushoto kwa sababu umepewa ruhusa si akaunti, wala anwani ya pili ya akaunti ileile si akaunti. Hizo hazimo kwenye orodha ya kuchagulia saini, na saini yako binafsi itabaki. Tengeneza saini ya sanduku hilo, na ukiwa unaandika, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya saini iliyopo uchague nyingine. Itabadilishwa, mradi hujaivuruga. Outlook nayo ina pete yake, alamisho iliyofichwa iitwayo "_MailAutoSig".

Jambo jingine la Outlook: kila saini kwenye diski ni faili tatu, yaani .htm, .rtf na .txt. Barua ikiingia kwa maandishi matupu, jibu nalo huwa la maandishi matupu na saini husomwa kwenye .txt. Aliyehariri faili ya .htm peke yake ataona saini mpya leo na ya zamani kesho, kutegemea nani amemwandikia.

Kwenye Gmail ya kivinjari, tengeneza saini zote kwanza, kisha shuka kwenye sehemu ya saini za kawaida uchague anwani moja baada ya nyingine na kuipa saini yake, ya barua mpya na ya majibu. Wengi hutengeneza saini wakaishia hapo, au hufunga ukurasa bila kubofya kitufe cha kuhifadhi kilichoko mwisho kabisa. Saini ya majibu ikikosekana, bofya nukta tatu chini ya jibu. Huenda imefichwa pamoja na nukuu.

Kwako inaonekana sawa, kwa mpokeaji si sawa

Jitumie barua kwenye anwani nyingine uliyo nayo, kisha linganisha iliyofika na nakala iliyobaki kwenye folda ya zilizotumwa. Zikiwa sawa, kosa liko kwenye kompyuta yako na umeshaonyeshwa pa kulitafuta. Zikitofautiana, ile iliyofika ikiwa na mistari ya ziada, basi inaongezwa na seva: ofisi nyingi hupanga seva yao iweke maelezo ya kampuni chini ya kila barua inayotoka. Hapo usihangaike na mipangilio yako. Mpelekee msimamizi wa seva nakala zote mbili, zikiwa zimehifadhiwa kama faili pamoja na vichwa vyake, umwombe anwani ya pili iondolewe kwenye kanuni hiyo au iwekewe maelezo yake.